Mkono Ukitetemeka Wakati wa Kuandika: Anza Hapa

Kila wiki kuna mtu ananiuliza mambo yaleyale. Mkono wangu unatetemeka nikishika biro, hii ni Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaofanya mwili uwe mzito? Kuna tembe ya kumeza? Nikihamia mkono wa kushoto itaisha? Nimekuwa nikijibu kipandekipande kwa simu na nimeona haifai, manake mtu anabaki na nusu ya habari, na nusu ya habari kwa mambo ya dawa inaweza kumuumiza mtu. Kwa hivyo nimeandika yote pahali pamoja, fuata kutoka juu kuja chini.

Mimi si daktari. Ni katibu wa chama hapa Umoja, kazi yangu ni kuandika minits kwa mkono, na mkono wangu wa kulia umekuwa ukitetemeka tangu nikiwa na miaka thelathini na kitu. Mamangu pia alikuwa hivyo, kikombe cha chai alikuwa anashika na mikono miwili. Kitu kimoja nataka ushike kabla ya mengine yote: kutetemeka kwa mkono si ugonjwa mmoja. Ni kama homa, inaweza kutoka kwa mambo mengi, na dawa inayosaidia huyu inaweza kumfungia yule kifua. Jua yako ni gani kwanza.

Vitu vya kuwa navyo

Daftari moja la mistari, hata lile la peji 48 liko sawa. Biro ya kawaida, biro ya jeli, penseli laini na felti peni. Raba bendi kadhaa, nati mbili au tatu za chuma kutoka hadwea, na gunzi la mahindi lililokauka au kipande cha sponji ile ya kufunga paipu za maji moto. Simu ya kurekodi video. Karatasi yenye majina ya dawa ZOTE unazotumia, pamoja na pampu ya pumu, za kupanga uzazi, za miti shamba na zile za mafua unanunua tu kwa kemisti. Kitambulisho, na uwe umejisajili na SHA, ile bima ya afya ya serikali. Ukiweza, mtu wa nyumbani anayekuona kila siku, kwa sababu kuna vitu vyako wewe mwenyewe huoni.

Hatua ya 1: Hakikisha si dharura

Kama kutetemeka kumeanza ghafla leo pamoja na upande mmoja wa mwili kulegea, mdomo kwenda kando au maneno kutoka yakiburutika, funga hii na uende hospitali saa hii, hiyo inaweza kuwa stroki.

Kama uko na kisukari na unatumia insulini au tembe, na unatetemeka ukitoa jasho na kusikia njaa kali au kuchanganyikiwa, pima sukari kama kifaa kiko karibu. Kama hakiko usingoje, kunywa kitu chenye sukari kwanza, soda ya kawaida au maji na vijiko vitatu vinne vya sukari, halafu ule chakula.

Na kama ulikuwa unakunywa pombe kila siku na umeacha juzi au jana, kutetemeka huko kunaweza kugeuka kifafa na kuona vitu ambavyo haviko. Usijifungie nyumba ati unavumilia, enda hospitali. Kuacha pombe ni vizuri sana lakini mwenye amezoea nyingi anaachishwa na daktari akiangalia.

Hatua ya 2: Chora konokono

Fungua peji ya kwanza, andika tarehe na saa. Chora konokono, yaani anza katikati na uzungushe ukienda nje mara nne bila mistari kugusana. Usiegemeze mkono kwa meza ukichora, uache uelee ndio kutetemeka kuonekane. Mkono wa kulia, halafu wa kushoto. Chini yake andika sentensi moja, yangu huwa ni "Nairobi asubuhi kuna baridi na mvua ya rasharasha", mara tatu, mwandiko wako wa kawaida.

Hii si mchezo wa watoto, madaktari wa neva wenyewe wanatumia hiyo konokono kupima. Rudia kila Jumapili, saa ileile, sentensi ileile. Kosa ambalo wengi wanafanya ni kuchora siku ile mbaya pekee ama siku ile nzuri pekee, halafu wanaamini dawa imefanya au haijafanya kwa kukisia. Mkono huwa na siku zake, ni wiki nyingi zikipangwa pamoja ndio zinakuambia ukweli.

Hatua ya 3: Angalia mkono ukiwa katika hali tatu

Mwambie yule mtu wa nyumbani akurekodi.

Kwanza kaa, weka mikono kwa mapaja ikiwa imelegea kabisa, halafu uhesabu kutoka 100 ukirudi nyuma. Pili, nyoosha mikono mbele kama dakika nusu. Tatu, andika, na umwage maji kutoka kikombe kimoja hadi kingine.

Ukiona mikono imetulia kwa mapaja lakini inatetemeka ukinyoosha, ukiandika na ukimwaga maji, na pengine mzazi au ndugu yako ako hivyo, na mwandiko umekuwa mkubwa wa kukwaruzakwaruza, hiyo inafanana na ile inaitwa esenshali trema. Mimi naiita mtetemeko wa familia kwa sababu mara nyingi inatembea kwa ukoo, ingawa si lazima. Mara nyingi inashika mikono yote miwili, na kwa wengine kichwa au sauti inatetemeka pia.

Ukiona mkono mmoja unatetemeka ukiwa UMEPUMZIKA kwa paja, kama mtu anayesugua kidole gumba na cha shahada, halafu ukiunyoosha kushika kitu unapungua, na herufi zako zinaanza kubwa zinaisha ndogondogo mwisho wa mstari, na umekuwa mzito kutembea au mkono mmoja hauyumbi ukitembea, hiyo sasa ndiyo inafaa kuchunguzwa kama Parkinson. Si kila mwenye dalili hizo anayo lakini usikae nayo.

Na kuna ya tatu ambayo watu hawaijui. Mkono uko sawa kwa kijiko, kwa kikombe, kwa kufunga vifungo, lakini ukishika biro tu unatetemeka au vidole vinajikunja vyenyewe. Hiyo ni ya kuandika peke yake na ina matibabu yake.

Usijipe jina la ugonjwa hapa. Unakusanya ushahidi wa kumpelekea daktari basi, na hizo video ni muhimu kwa sababu mkono unaweza kukataa kutetemeka siku ile tu uko mbele yake.

Hatua ya 4: Toa vichocheo kwa wiki mbili

Kila mtu hutetemeka kidogo, hata daktari wa upasuaji, ni vile huwa haionekani. Kuna vitu vinaipandisha mpaka ionekane: kahawa, chai nzito ya mara sita kwa siku, enaji drinki, miraa na muguka, kukosa usingizi, njaa na wasiwasi. Kijana mmoja wa Githurai alikuja kwangu akiwa na hakika ana ugonjwa wa neva, kumbe alikuwa anatafuna muguka usiku akiendesha boda na kulala masaa matatu. Alipumzika mwezi mmoja, konokono yake ikanyooka karibu yote. Si kila mtu atakuwa na bahati hiyo lakini kujaribu ni bure.

Chai na kahawa punguza polepole, ukikata siku moja kichwa kitakuuma.

Sasa ile karatasi ya dawa. Salbutamoli ya pumu inatetemesha mikono. Prednisoloni pia, sodiamu valproeti ya kifafa, lithiamu, amitriptilini na baadhi ya dawa zingine za msongo wa mawazo. Metoklopramidi ya kutapika, ile wengi wanaijua kama Plasil, na dawa kama haloperidoli, zinaweza kukufanya uonekane kama mtu wa Parkinson kabisa. LAKINI usiache dawa hata moja peke yako. Mwenye kifafa akiacha valproeti kwa sababu ya mwandiko ataanguka barabarani. Peleka karatasi, daktari ndiye atabadilisha.

Kuhusu pombe, ni kweli wengi wenye mtetemeko wa familia wakinywa kidogo mkono unatulia kwa muda. Watu wamenishauri hivyo tena kwa nia nzuri. Usifanye iwe dawa. Ikitoka mwilini mkono unatetemeka kuliko mwanzo, na nimeona mzee mzuri sana, fundi wa saa, akiingia huko kwa sababu ya mkono tu.

Hatua ya 5: Nenda kliniki na uulize vipimo hivi

Anza na kituo cha karibu, ama hospitali kama Mama Lucy au Mbagathi ukiwa upande huo. Ukihitaji daktari wa neva watakuandikia barua ya rufaa, Kenyatta kuna kliniki ya neva. Ukienda Kenyatta moja kwa moja bila barua unaweza kupoteza siku nzima kwa foleni.

Uliza kuhusu tezi ya shingo, hasa ukikonda bila sababu, moyo ukienda mbio na kusikia joto wakati wengine wamevaa sweta za Julai. Tezi ikifanya kazi kupita kiasi inatetemesha mikono, inajulikana kwa kupima damu, na ikitibiwa mkono unaweza kutulia kabisa. Uliza pia sukari, ini na figo. Kama hujafika miaka 40, mwambie daktari afikirie ugonjwa wa Wilson, ambapo madini ya shaba yanajaa kwa ini na ubongo. Ni nadra lakini una dawa, na ukichelewa unaharibu.

Wengi wanaenda wakitaka MRI kwanza, ile picha ya ubongo ya mashine kubwa. Mtetemeko wa familia hauonekani kwa MRI ya kawaida, daktari anaujua kwa kukuuliza na kukuangalia. Kama hajaiagiza usifikiri amekupuuza, pesa hiyo ni nyingi.

Hatua ya 6: Panga meza na biro

Hii unaweza kuanza leo, hata kabla ya kliniki, na kwangu ndiyo ilinirudishia daftari la chama.

Kiti kiwe na mgongo, nyayo zote chini. Meza iwe juu kiasi kwamba kiwiko chako na mkono mzima mpaka kwa kifundo vimelala juu yake. Kosa kubwa hapa ni kuandikia kwa ukingo wa meza, kiwiko kinaning'inia, ama kuandikia kwa goti ndani ya matatu. Mkono unaoning'inia unatetemeka zaidi. Sukuma karatasi mbele mpaka kiwiko kipate pa kulala, uilaze mshazari kidogo, na chini yake uweke gazeti ili isiteleze. Mkono ule mwingine ushikilie karatasi, au ushike kifundo cha ule unaoandika, hakuna aibu.

Kisha biro. Biro ya kawaida ni nyembamba na nyepesi, haifiki hata gramu 10, na ukiwa na mtetemeko unaifinya sana ndio isikutoroke, na hapo umejiongezea shida kwa sababu misuli iliyobanwa inatetemeka zaidi. Tunataka iwe nene ndio usiifinye. Chukua lile gunzi, kata kipande cha urefu wa kidole, toboa katikati na msumari mrefu, kule ndani ni laini, halafu upitishe biro. Ukiwa na sponji ya paipu ni rahisi zaidi. Bila hivyo viringisha raba bendi mpaka unene unaokufaa.

Uzito sasa. Wengine mkono hutulia biro ikiwa nzito, wengine haisaidii hata kidogo, huwezi kujua bila kujaribu. Vuta nati mbili kwa biro karibu na ncha, uzifunge na raba bendi zisicheze, uandike ile sentensi ya Jumapili. Linganisha na ya biro tupu. Mimi nati mbili zilinisaidia, ya tatu ikanichosha kwa nusu ukurasa.

Jaribu wino pia. Felti peni inaandika bila kukandamizwa, penseli laini inakwama kidogo kwa karatasi na huko kukwama kunatuliza mkono wa wengine. Jeli inateleza, mama mmoja wa Kayole ndiyo anapenda, mimi inanitoroka. Usinunue biro za bei ghali za kutoka nje kabla ya kujaribu gunzi.

Hatua ya 7: Badilisha jinsi unaandika

Andika herufi kubwa kuliko ulivyozoea, mistari miwili ya daftari iwe mmoja wako. Andika ukitembeza mkono kutoka kwa bega na kiwiko, vidole vipumzike, kama mtu anayefuta dirisha. Wiki ya kwanza inaonekana vibaya sana, vumilia. Acha mwandiko wa kuunganisha, tenga herufi, kila ukiinua biro mkono unapata nafasi ya kujipanga.

Jaribu kushika biro katikati ya kidole cha shahada na cha kati, ile sehemu ya chini karibu na kiganja, kidole gumba kiwe kinaiongoza tu. Inafanya usiweze kuifinya hata ukitaka.

Andika dakika tano, pumzika moja. Kazi ya kuandika iweke saa ile mkono wako umetulia, daftari lako la Jumapili haliwezi kukuambia saa hiyo kwa hivyo chora konokono asubuhi, mchana na jioni kwa siku tatu uone.

Hatua ya 8: Dawa, daktari akishasema

Kwa mtetemeko wa familia dawa ya kwanza mara nyingi ni propranololi, dawa ya presha na moyo ya miaka mingi na si ya bei kali. Daktari huanza na kidogo na kupandisha polepole akiangalia presha na mapigo. Kwa wale inawasaidia hupunguza mtetemeko kama kwa nusu, haiufuti, na kuna wengi tu haiwasaidii. Ukijua hivyo mapema hutavunjika moyo.

Soma hapa mara mbili. UKIWA NA PUMU, propranololi inaweza kukufunga kifua ukose pumzi. Ukiwa na mapigo ya polepole au shida fulani za moyo pia si yako. Ukiwa na kisukari inaweza kukuficha dalili za sukari kushuka, husikii moyo kudunda wala mkono kutetemeka, jasho tu ndilo linabaki. Na ukishaizoea usiiache ghafla, moyo unaweza kukurudia vibaya, inapunguzwa kwa hatua. Ndio maana nikisikia jirani amegawia jirani mwenzake tembe zake roho inaniuma, alikuwa anasaidia, lakini hakumuuliza kama ana pumu.

Ya pili ni primidoni, dawa ya zamani ya kifafa. Inaanzwa na kipande kidogo usiku kwa sababu dozi ya kwanza inaweza kukupa kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Inapunguza nguvu ya tembe za kupanga uzazi na ya baadhi ya ARV, dolutegraviri ikiwemo, kwa hivyo mwambie daktari ukweli wote hata kama umeingia chumbani na shemeji. Mwambie shemeji atoke kidogo.

Zikikataa kuna zingine kama topiramati. Parkinson ina dawa zake, levodopa ndiyo kubwa. Ile ya kuandika peke yake, vidole vikijikunja, hutibiwa kwa sindano za Botox kwa misuli ya mkono, zinaisha nguvu baada ya miezi kama mitatu na zinaweza kulegeza vidole. Mtetemeko mkali sana hufanyiwa upasuaji wa kuweka waya kwa ubongo, au mawimbi ya sauti yanayolengwa kwa MRI ambayo Marekani iliidhinisha 2016. Wengi wetu hatufiki huko.

Hatua ya 9: Saini, benki na mtihani

Cheki yangu ya karo ilirudishwa na benki kwa sababu saini haikufanana, na mtoto akakaa nyumbani siku nne. Nililia. Usingoje hivyo. Tengeneza saini fupi, herufi mbili tatu ambazo mkono wako unaweza siku mbaya, uende ubadilishe kielelezo benki, na uulize kuhusu kutumia alama ya kidole.

Mwanafunzi wa KCSE mwenye mtetemeko anaweza kuombewa muda wa ziada KNEC, baraza la mitihani. Ombi linapitia kwa mkuu wa shule pamoja na ripoti ya daktari, na linafanywa mapema wakati wa usajili. Mzazi, usingoje Oktoba.

Ikikataa

Biro nzito imezidisha: toa nati zote, baki na unene pekee wiki moja, kisha urudishe moja.

Naandika vizuri nikiwa peke yangu, mbele ya watu mkono unaruka: hiyo ni adrenalini, kemikali ambayo mwili unatoa ukiwa na wasiwasi, juu ya mtetemeko ulioko. Omba fomu uende nayo kando, jaza ukiwa umekaa, toa pumzi ndefu kabla ya kila neno. Ikiwa ni kazi yako ya kila siku mwambie daktari, kuna njia.

Vidole vinauma na kujikunja: acha kulazimisha, kuandika zaidi si tiba ya hiyo. Rudi hatua ya 5.

Tembe zinanilegeza, naona giza nikisimama: usiongeze wala usiache, rudi kliniki wiki hii. Kifua kikipiga filimbi baada ya propranololi ni hospitali siku hiyohiyo, na dozi inayofuata usiimeze kabla hujaonwa.

Nihamie kushoto? Mtetemeko wa familia uko mikono yote, ila mara nyingi mmoja una nafuu. Angalia konokono zako mbili. Kama ya kushoto ni safi sana, fanya mazoezi dakika kumi kila siku, itachukua miezi.

Nimejaribu yote na minits bado hazisomeki: tumia sauti. Kibodi ya Google kwa simu inaelewa Kiswahili, bonyeza maikrofoni uongee polepole, halafu uprinti saiba na ubandike kwa daftari. Mimi nafanya hivyo siku ambazo mkono umekataa kabisa, naweka saini yangu ya herufi mbili chini, na mwenyekiti anasoma bila kuuliza neno.